Rangi Iliyo Kwenye Kimo cha Mtoto

Anayetaka kumpambia mtoto chumba huko Gitega, katika wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, mara nyingi hana chumba. Ana kona. Nyumba zimebanana kwenye mteremko unaoshukia bonde la Mpazi, ukuta wa huyu ndio mgongo wa nyumba ya yule, na mtoto hulala nyuma ya pazia, au juu ya kitanda cha dabo deka pamoja na ndugu zake. Hata hivyo kona hiyo hupambwa. Hupakwa rangi ya njano au ya waridi, hubandikwa herufi na picha za wanyama, na nondo za dirisha hupigwa rangi mpya mimba ya pili inapokaribia mwisho. Waliohamia kwenye maghorofa ya matofali yaliyojengwa huko huko Mpazi nao wana kazi hiyo hiyo, ila kwa nafasi zaidi kidogo: chumba kipo, sasa kitafutwe kitanda na ichaguliwe rangi.

Dukani maneno huwa mengi. "Mama, chukua hii ya bluu, inamtuliza mtoto," kijana wa duka la vifaa vya ujenzi humwambia mteja. "Au hii ya njano, inaamsha akili."

"Akili ataipata shuleni, mwanangu," mama hujibu. "Wewe niambie ipi haibanduki."

Swali lake ni zito kuliko anavyodhani. Madai kwamba bluu hutuliza na njano hunoa akili yamesimama juu ya ushahidi mwembamba. Majaribio mengi ni madogo, matokeo yanapingana, na hayatoshi kumfanya mzazi atoe faranga moja zaidi. Lakini kuhusu rangi inayobanduka, sayansi ina jambo la uhakika, lililokusanywa kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna rangi ya ukutani inayojulikana kuongeza akili ya mtoto. Ipo inayoipunguza.

Kinachoipunguza ni madini ya risasi. Kwa vizazi vingi watengenezaji wa rangi waliyapenda, na walikuwa na sababu zao. Risasi huifanya rangi ifunike vizuri kwa mkono mmoja, ikauke upesi, ing'ae, ivumilie mvua na kuzuia kutu kwenye chuma. Njano kali, rangi ya machungwa, nyekundu na baadhi ya kijani zilipatikana kwa urahisi kwa kutumia kromati ya risasi, unga wa njano unaopendeza macho. Risasi hupatikana zaidi kwenye rangi za mafuta, zile zinazochanganywa na thina na kupigwa kwenye milango, madirisha, vitanda vya chuma na sehemu ya chini ya ukuta. Rangi za maji, zinazopakwa kwa rola na kuoshwa kwa maji, kwa kawaida hazina risasi au zina kiasi kidogo mno.

Rangi mbichi haimrukii mtoto. Hatari huanza inapozeeka. Jua huikausha, unyevu huinyanyua, mlango na dirisha husuguana kila siku, na polepole rangi hurudi kuwa vumbi. Vumbi hilo hukaa kwenye kizingiti cha dirisha, chini ya kitanda, kwenye sakafu ambako mtoto wa miezi 10 anatambaa. Mkono unagusa, mkono unaingia mdomoni. Hakuna haja ya mtoto kula vipande vya rangi, ingawa wapo wanaokula. Vumbi lisiloonekana linatosha. Na tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 zaidi kuliko tumbo la mtu mzima anayemeza kiasi kile kile. Mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma au kalisi hunyonya zaidi, maana mwili wenye njaa ya madini hufungua mlango, na risasi huingia kama mtu asiye mwanafunzi aliyevaa sare ya shule. Mwili huidhania kuwa kalisi. Huipeleka kwenye mifupa, ambako inaweza kukaa miongo, na huipeleka kwenye ubongo unaojengwa, mahali ambapo kalisi ya kweli ina kazi ya kupitisha ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine.

Mwanamke aliyekula risasi utotoni anaweza kuibeba hadi siku anapopata ujauzito. Mwili unapochota kalisi mifupani ili kumjenga mtoto tumboni, risasi iliyolala humo huamka nayo, hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hivyo chumba alicholala msichana miaka 20 iliyopita kinaweza kumgusa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Elimu hii ilianza mahali ambapo jua ni kali kama letu. Katika miaka ya 1890, huko Brisbane, Australia, madaktari walianza kuwaona watoto wenye tumbo linalosokota, viganja vilivyolegea visivyoinuka, miguu iliyopooza, wengine wakipoteza uwezo wa kuona. Dalili zilikuwa za sumu ya risasi, ugonjwa uliojulikana kwa wachimba migodi na wapaka rangi, watu wazima. Watoto waliipata wapi? Yalichunguzwa maji ya matangi na vyombo vya nyumbani, lakini jibu halikukamilika. Mwaka 1904 daktari mmoja aliandika alichokiona: watoto walicheza kwenye baraza za mbao zilizopakwa rangi nyeupe ya risasi, jua lilikuwa limeigeuza rangi ile kuwa unga, na unga ulishika kwenye viganja vyenye jasho. Waliougua zaidi walikuwa wale wenye kuuma kucha na kunyonya vidole.

Wenzake wengi hawakumwamini, na biashara ya rangi ilikuwa kubwa. Ilichukua hadi 1922 jimbo lenye jiji la Brisbane kupiga marufuku rangi yenye risasi nyingi mahali panapofikiwa na watoto, hadi urefu wa futi 4 kutoka chini. Mwaka mmoja kabla, mkutano wa kimataifa uliofanyika Geneva ulikuwa umekubaliana kuizuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Nchi kadhaa za Ulaya zilitii mapema. Marekani ilisubiri hadi 1978 kuikataza kwenye nyumba za kuishi. Kati ya daktari kuona na sheria kufika, watoto wengi walikua.

Hatua ya pili ilitokana na meno. Katika nyumba nyingi za kwetu jino la utoto linapong'oka hurushwa juu ya paa, mtoto akiomba jipya. Katika miaka ya 1970, karibu na jiji la Boston, watafiti waliwaomba watoto wa shule wawape meno hayo. Hoja yao ilikuwa hivi: damu huonyesha risasi ya wiki chache zilizopita, lakini jino hutunza kumbukumbu ya miaka. Wakapima. Wakachukua watoto 58 wenye risasi nyingi na 100 wenye kidogo, wote wakiwa watoto wanaoonekana wazima, hakuna aliyewahi kulazwa kwa sumu. Wale wenye risasi nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili na lugha, na walimu, ambao hawakujua jino la nani lina nini, walikuwa wamewaeleza kuwa ni wepesi wa kuvurugika na hawafuati maelekezo. Matokeo yalichapishwa 1979 na yalizua ugomvi wa miaka. Wapinzani walisema: labda ni umaskini, labda ni elimu ya mama. Lilikuwa swali la haki, na lilistahili kujibiwa kwa vipimo vingine.

Jibu lililokuja ni miongoni mwa yale yaliyopimwa kwa uangalifu mkubwa katika afya ya watoto. Mwaka 2005 takwimu za makundi 7 ya watoto kutoka nchi mbalimbali, watoto 1,333 kwa jumla, waliofuatiliwa tangu uchanga, ziliwekwa pamoja. Elimu ya mama ilihesabiwa, mazingira ya nyumbani yalihesabiwa, uzito wa kuzaliwa ulihesabiwa. Athari ya risasi ilibaki pale pale, tena ilikuwa na umbo lisilotarajiwa. Risasi katika damu ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 kwa desilita moja, alama za kipimo cha akili zilishuka 3.9. Kutoka 10 hadi 20 zilishuka 1.9 tu. Kutoka 20 hadi 30, alama 1.1. Yaani kiasi kidogo cha mwanzo ndicho kinachoiba zaidi. Ndiyo sababu leo wataalamu wa afya duniani husema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na mikrogramu 5, ambazo zamani zingepita bila neno, sasa ni sababu ya kutafuta chanzo na kukiondoa.

Hapa msomaji asikimbilie kumtazama mwanawe aliyepata sifuri ya hesabu na kunyooshea ukuta kidole. Alama 4 ni wastani wa watoto wengi; ndani ya mtoto mmoja hazionekani, zinamezwa na malaria, njaa, darasa lenye wanafunzi 60, mwalimu mzuri au mbaya. Ukitaka kuziona, tazama mtaa mzima au kizazi kizima, pale ambapo watoto wachache zaidi wanafikia kilele na wengi zaidi wanahitaji msaada. Risasi haielezi kila kufeli. Lakini tofauti na umaskini, ni sababu inayoweza kuondolewa ndani ya miaka michache kama ikiamuliwa.

Tena hakuna dawa ya kurudisha kilichopotea. Zipo dawa za hospitali zinazoitoa risasi kwenye damu ya mtoto aliyeathirika sana, na zimeokoa maisha. Zilipojaribiwa kwa watoto wenye viwango vya kati, risasi ilishuka lakini alama za akili hazikupanda. Kigali, jiji la vilabu vya maziwa, kuna imani iliyoenea pia Dar es Salaam na Nairobi kwamba fundi rangi akinywa maziwa baada ya kazi sumu inaondoka. Haiondoki. Ukweli uliopo ni mdogo kuliko imani, ila una faida: mtoto anayekula mara kwa mara vyakula vyenye kalisi na madini ya chuma, maziwa, dagaa, maharage, mboga za majani, tumbo lake hunyonya risasi kidogo zaidi. Chakula hupunguza mzigo, hakisafishi chumba.

Turudi kwenye kona ile ya Gitega. Tazama ukuta wa chini. Nyumba nyingi za kwetu, na karibu kila shule, zina ukanda wa rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi kifuani mwa mtu mzima, kijivu, kahawia au kijani, na juu yake rangi nyepesi ya maji. Sababu ni ya busara: mikono ya watoto huchafua chini, na rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa chenye sabuni. Lakini ukanda huo unafika karibu futi 4. Ni kile kile kimo ambacho sheria ya 1922 ilikilinda. Tumeiweka rangi ya kushukiwa zaidi mahali pale ambapo mtoto anaegemea, anakwangua kwa kijiko na kulamba. Ukuta ukiwa na unyevu kwa chini, kama zilivyo kuta nyingi za mteremkoni wakati wa mvua za Machi hadi Mei, ukanda huo ndio wa kwanza kufanya malengelenge na kupukutika.

Kitanda ni cha pili. Vitanda vya chuma vya watoto huchomelewa katika karakana kama zile za Gakinjiro, Gisozi, hupigwa rangi ya msingi ya kuzuia kutu kisha rangi ya kung'aa. Fundi hununua rangi iliyopo sokoni, wakati mwingine imepimwa kutoka kwenye debe kubwa hadi kwenye kopo lisilo na jina. Huenda ni salama kabisa. Huenda si salama. Macho hayawezi kujua, pua haiwezi kujua, na bei haisemi lolote, maana rangi ghali nazo zimewahi kukutwa na risasi katika nchi nyingi. Mtoto anayeota meno akishika nondo ya kitanda, huiuma.

Sheria zipo, na ni habari njema ambayo haijapewa nafasi yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Rwanda ni mwanachama, imepitisha viwango vya pamoja vinavyoweka kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni ya rangi kavu, kikomo kile kile kinachotumika Marekani tangu 2009. Takriban nusu ya nchi za dunia sasa zina sheria ya namna hii. Kiwango kilichoandikwa si kopo lililopimwa, na rangi iliyopakwa kabla yake bado iko ukutani. Lakini fundi na mnunuzi wana pa kuegemea wanapouliza. Kwenye kopo tafuta jina la mtengenezaji, alama ya ubora, ambayo kwa bidhaa zilizothibitishwa Rwanda ni herufi S, na maandishi yanayosema rangi haina risasi. Kopo lisilo na lebo lisiingie mahali mtoto analala, hata likiwa la bure.

Anayeshuku kwamba sheria haiwezi kitu akumbuke petroli. Magari ya kwetu yalikuwa yakitema risasi barabarani hadi nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipoacha kuuza mafuta hayo mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani iliyauza hadi 2021. Huko Marekani, ambako vipimo vya damu vimefanyika kwa miaka mingi, mtoto wa kawaida alikuwa na mikrogramu kama 15 mwishoni mwa miaka ya 1970. Sasa ana chini ya 1. Hakuna aliyemfundisha kila mama kunusa petroli. Au Bangladesh: wachuuzi walikuwa wakiitia binzari ule unga wa njano wa kromati ya risasi ili ing'ae. Serikali ilipoanza kupima sokoni na kutoza faini mwaka 2019, karibu nusu ya sampuli zilikuwa chafu. Kufikia 2021 haikupatikana hata moja. Mambo haya yanawezekana, na kwa gharama ndogo kuliko tunavyozoea kusikia.

Kwa hiyo mama mwenye kona, na fundi wake, wafanye nini? Kwanza wasikwangue. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linalofanywa kwa nia njema. Rangi ya zamani ambayo bado imeshika haina madhara makubwa. Fundi mwenye bidii akiipiga msasa mkavu ili ukuta uwe laini, ndani ya saa moja ameigeuza vumbi lililotapakaa kwenye godoro, nguo na sufuria. Kuichoma kwa moto ni vibaya zaidi, maana moshi wake huvutwa. Ukuta uoshwe kwa maji ya sabuni, usuguliwe ukiwa umelowa kidogo tu ili rangi mpya ishike, maana rangi ya maji juu ya mafuta makavu hubanduka kama haikuandaliwa, kisha ipakwe rangi ya maji juu yake. Palipokwisha kunyanyuka, panyunyiziwe maji na kung'olewa pakiwa pamelowa, karatasi ya nailoni ikiwa imetandazwa chini, vipande vikunjwe humo na kutupwa na taka, si kumwagwa uwanjani. Watoto na mwenye ujauzito waende kwa shangazi siku hiyo. Jioni sakafu idekiwe kwa kitambaa chenye maji, mara mbili, maji yakibadilishwa. Ufagio mkavu ubaki mlangoni.

Kudeki huko kusiishie siku ya kupaka rangi. Katika nyumba yenye madirisha ya zamani, kufuta kizingiti kwa kitambaa kilicholowa kila wiki na kumnawisha mtoto mikono kabla ya kula kunapunguza vumbi analomeza, ingawa peke yake hakumalizi tatizo kama chanzo bado kinapukutika.

Rwanda ina desturi nzuri ya bustani ya jikoni, mboga chache zilizopandwa kando ya nyumba. Wakulima wa mjini wanajua kwamba udongo ulio chini ya mchirizi wa paa hupata maji mengi, na huko ndiko wanakopanda. Huko pia ndiko rangi ya ukuta na ya fremu inakodondokea. Ukiwa na nyumba ya zamani yenye rangi inayopukutika, sogeza mchicha hatua chache kutoka ukutani, au upande kwenye gunia lenye udongo wa mahali pengine, na uoshe majani vizuri. Ni mabadiliko ya siku moja. Udongo wenyewe nao si wa kuaminiwa kwa macho: ule wa kutafuna unaouzwa kwa wajawazito sokoni umekutwa na risasi katika vipimo vya nchi kadhaa.

Mvuvi naye ana chumba cha mtoto, na risasi hukifikia kwa njia nyingine. Katika pwani ya Waswahili chubwi za mshipi na nyavu ni za risasi, na wapo wanaoziyeyusha jikoni na kuzimimina kwenye kalibu, kisha sufuria ikarudi kupikia ugali. Sufuria zinazosubuliwa kienyeji kutokana na vyuma chakavu nazo zimekutwa zikitoa risasi kwenye chakula, hasa chenye ndimu au nyanya. Betri za magari ni balaa kubwa kuliko zote. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu; Julai 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi iliendelea kwenye rufaa kwa miaka mingine. Kwa mtoto wa mahali kama hapo rangi ya kitanda ni jambo dogo. Makadirio yaliyotolewa 2020 yanasema mtoto mmoja kati ya watatu duniani, kama milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi katika damu yake, wengi wao katika nchi zisizo na utajiri, na rangi ni chanzo kimoja kati ya vingi. Chaguo la rangi ni mahali pa kuanzia kwa sababu liko mikononi mwa mzazi.

Wanafunzi wanaojitolea kupaka rangi madarasa, iwe kwenye umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi au likizoni, wapewe kanuni hizo hizo: rangi ya maji, hakuna msasa mkavu, madawati yafunikwe. Mkuu wa shule anaponunua madebe 20 ana nguvu ya kuuliza ambayo mama wa kona hana. Muuzaji atatafuta karatasi ya vipimo kama mteja wa madebe 20 ameitaka.

Na mapambo yenyewe? Sioni sababu ya kumnyima mtoto njano. Rangi ya maji ya njano ipo. Vitenge ukutani vipo. Rwanda ina sanaa ya imigongo, ile michoro ya pembe na mizunguko inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe, ambayo masimulizi huihusisha na mwana wa mfalme Kakira wa Gisaka, mashariki mwa nchi, aliyependa kupamba kuta za ndani ya nyumba yake. Rangi zake za asili zilikuwa chache: nyeupe ya udongo, nyekundu ya udongo, nyeusi ya majivu na utomvu wa mimea. Siku hizi baadhi ya mafundi humalizia kwa rangi za dukani, kwa hiyo anayenunua kibao cha kutundika karibu na kitanda aulize kilichopakwa, kama anavyouliza kwa fundi wa kitanda. Kinachotundikwa juu, mtoto asikoweza kukifikia, kina hatari ndogo kuliko kilicho chini ya kimo chake.

Mzazi mwenye wasiwasi wa kweli, aliye na mtoto aliyekuwa akila vipande vya rangi au anayeishi jirani na karakana ya betri, asitafute dalili usoni mwake. Kwa kiasi kidogo hakuna dalili. Kipimo ni cha damu, na mahali pa kuulizia ni kituo cha afya, akieleza wazi mtoto alichokula na nyumba inayohusika, kwa sababu daktari anayeambiwa tu kwamba mtoto hana hamu ya kula na tumbo linamuuma atafikiria minyoo kwanza, na atakuwa na haki.

Amebaki fundi rangi, ambaye watu humsahau. Watoto wa watu wanaofanya kazi na risasi wamekutwa na viwango vya juu bila hata kukanyaga karakana. Vumbi huwafuata nyumbani kwenye nguo, viatu na nywele za baba. Anayemwita fundi kupaka chumba cha mwanawe amwekee ndoo ya maji, sabuni na mahali pa kubadilishia nguo kabla hajaondoka, na nguo za kazi ziende kwenye mfuko wake peke yake, zifuliwe mbali na nepi. Kama fundi ana haraka ya kuwahi basi la jioni, amwambie kazi ikome nusu saa mapema, na amlipe siku nzima.